Kuanguka kwa Utawala wa Kikomunisti Ujerumani Mashariki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani, yaani DDR, nchi iliyoundwa tarehe 7 Oktoba 1949 na kutawaliwa na chama cha kikomunisti, SED, kwa miaka 40. Msomaji mwenye haja ya faili za Stasi, idara ya usalama wa taifa, ataukuta utaratibu wake mwishoni.

Je, utawala wa SED ulianguka usiku ule Ukuta wa Berlin ulipofunguliwa?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1989 chama kilipoteza mpaka tu. Kulipokucha bado kilikuwa na serikali, jeshi, viwanda, magazeti na watumishi wapatao 91,000 wa Stasi. Katiba nayo, katika ibara ya 1, iliendelea kusema kwamba nchi inaongozwa na chama cha tabaka la wafanyakazi.

Vyote hivyo vilikitoka mkononi kimoja baada ya kingine. Tarehe 1 Desemba Bunge, Volkskammer, lilifuta maneno hayo katika ibara ya 1. Tarehe 3 Desemba Politburo nzima, kamati ya juu ya uongozi wa chama, ikajiuzulu. Kuanzia tarehe 4 Desemba wananchi wakaingia katika ofisi za Stasi mikoani, na tarehe 15 Januari 1990 makao makuu ya Berlin. Tarehe 18 Machi chama kikashindwa kwenye uchaguzi huru, na tarehe 3 Oktoba 1990 nchi yenyewe ikafutika kwenye ramani. Anayetaka kujua dola ya chama kimoja inavyovunjwa kwa vitendo ausome mwezi wa Desemba kwa makini kuliko Novemba.

Kwa nini 1989, na si mapema zaidi?

Watu walijaribu mapema. Tarehe 17 Juni 1953 wafanyakazi waligoma na kuandamana nchi nzima, vifaru vya Kisovieti vikawazima. Baada ya hapo dawa ya wasioridhika ikawa kuondoka: mpaka Ukuta ulipojengwa tarehe 13 Agosti 1961, takriban watu milioni 3 walikuwa wameshahamia Magharibi.

Mwaka 1989 mambo matatu yalikutana. La kwanza ni Moscow. Gorbachev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, aliweka wazi kwamba majeshi yake hayatatumika kuokoa vyama vya nchi jirani, na askari wa Kisovieti wapatao 340,000 waliokuwa DDR walibaki kambini. La pili ni Hungary, iliyoanza kuondoa nyaya za mpaka wake na Austria Mei 1989 na kuufungua mpaka kabisa kwa raia wa DDR usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba. Ukuta wa Berlin ulikuwa bado umesimama, lakini mtu aliweza kuuzunguka kwa treni ya likizo.

La tatu ni deni, na hili wananchi hawakuliona. Tarehe 30 Oktoba 1989 mkuu wa tume ya mipango, Gerhard Schürer, aliandikia Politburo kwamba kulizuia tu deni la nje lisikue zaidi kungeshusha hali ya maisha kwa asilimia 25 hadi 30 mwaka 1990. Hesabu za baadaye zilionyesha deni halisi lilikuwa dogo kuliko alivyoandika, lakini viongozi waliamua mambo wakiwa na takwimu zake mezani. Chama kisicho na fedha za kuwanyamazisha watu, wala vifaru vya kuwatisha, kilibaki na polisi wake peke yao.

Ni kweli kwamba yote yalianza na uchaguzi wa serikali za mitaa?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Sehemu hii inastahili kuelezwa kwa kirefu, maana inaonyesha jinsi raia wa kawaida walivyoikamata serikali kwa kutumia sheria ya serikali hiyohiyo.

Tarehe 7 Mei 1989 wapiga kura walipewa karatasi yenye orodha moja ya wagombea. Aliyekubali aliikunja na kuitumbukiza. Aliyekataa alitakiwa afute jina la kila mgombea, moja moja, na kibanda cha siri kiliwekwa pembeni ili anayekwenda huko aonekane na wote. Lakini sheria ilisema kuhesabu kura ni jambo la hadharani. Vikundi vya makanisa na vya haki za binadamu vikagawana vituo, hasa Berlin, watu wawili wawili. Wakasimama, wakasikiliza idadi za kila kituo zikisomwa, wakaziandika, kisha wakazijumlisha usiku uleule.

Katika wilaya ya Weißensee, ambako walifikia karibu vituo vyote, kura za kukataa walizozihesabu zilikuwa zaidi ya mara mbili ya zile zilizotangazwa. Matokeo ya nchi nzima, aliyoyatangaza mwenyekiti wa tume ya uchaguzi Egon Krenz, yalikuwa asilimia 98.85 za ndiyo. Hata kwa hesabu ya waangalizi chama kingeshinda kwa kishindo! Wizi haukuhitajika, ila maofisa wa ngazi za chini hawakuthubutu kupeleka juu idadi mbaya kuliko ya uchaguzi uliotangulia. Kuanzia hapo, kila tarehe 7 ya mwezi, watu walikusanyika Alexanderplatz kulalamikia udanganyifu huo, na polisi wakawa wanawakamata.

Ilikuwaje Leipzig haikumwagika damu tarehe 9 Oktoba?

Sala za amani za Jumatatu katika kanisa la Nikolaikirche zilikuwepo tangu 1982. Jumatatu ya tarehe 9 Oktoba 1989 takriban watu 70,000 waliandamana kuizunguka barabara ya pete ya mji. Vikosi vya polisi, wanamgambo wa viwandani na wanajeshi vilikuwa tayari, hospitali zilikuwa zimejiandaa kupokea majeruhi, na gazeti la mji lilikuwa limechapisha barua ya kamanda wa wanamgambo akitishia kutumia silaha.

Mambo mawili yaliokoa usiku ule. Watu sita, akiwemo kiongozi wa okestra Kurt Masur na makatibu watatu wa chama wa mkoa, waliandika wito wa utulivu na mazungumzo, nao ukasomwa kwa sauti ya Masur kwenye vipaza sauti vya mji. Na idadi ya watu ilizidi hesabu ya polisi. Mipango ya kutawanya umati ilitayarishwa kwa watu wachache zaidi, na walipofika makumi ya maelfu, viongozi wa mkoa wakasubiri amri kutoka Berlin. Amri haikuja kwa wakati, nao wakaagiza vikosi vikae katika hali ya kujilinda. Siku 9 baadaye Erich Honecker, aliyekiongoza chama tangu 1971, aliondolewa, Krenz akashika nafasi yake.

Romania ilikwenda njia nyingine kabisa. Huko amri ya kupiga risasi ilitoka mapema, watu zaidi ya 1,000 wakauawa Desemba 1989, na kiongozi wa nchi hiyo, Ceaușescu, mwenyewe akapigwa risasi tarehe 25 mwezi huohuo.

Ukuta ulifunguliwa kwa bahati mbaya?

Amri ilikuwepo, kilichoharibika ni utekelezaji wake. Maofisa wanne wa wizara ya mambo ya ndani na Stasi walitakiwa kuandika kanuni kwa ajili ya wanaotaka kuhama moja kwa moja. Waliona ni upuuzi kumruhusu anayehama na kumkatalia anayetaka kwenda kutembea na kurudi, kwa hiyo wakaongeza safari za kawaida. Habari ilipangwa kutangazwa saa 10 alfajiri ya tarehe 10 Novemba, ofisi za polisi zikiwa tayari kutoa viza.

Günter Schabowski, msemaji wa Politburo, hakuwepo kanuni ilipojadiliwa. Alipewa karatasi akaisoma mwishoni mwa mkutano na waandishi, karibu saa 1 jioni. Alipoulizwa inaanza lini, alipekua karatasi zake akajibu: mara moja, bila kuchelewa. Mashirika ya habari yakaandika kwamba mpaka uko wazi, televisheni ya Magharibi, ambayo karibu nchi nzima iliitazama, ikarudia, na watu wakaenda kuhakikisha.

Katika kivuko cha Bornholmer Straße, Luteni Kanali Harald Jäger wa Stasi alipiga simu juu mara kwa mara bila kupata jibu la maana. Kwanza aliagizwa awapitishe wale wenye kelele zaidi huku paspoti zao zikigongwa muhuri juu ya picha, alama ya kwamba wamevuliwa uraia na hawatarudi. Hila hiyo ilizidi kuwasha moto: walioko nyuma waliona wenzao wakipita, na baadhi ya waliopita wakarudi kuwafuata watoto waliowaacha nyumbani. Mnamo saa 5 na nusu usiku Jäger alisimamisha ukaguzi wote na kufungua geti.

Stasi ilivunjwa vipi?

Ofisi kwa ofisi. Mwanzoni mwa Desemba 1989 watu wa Erfurt waliona moshi ukitoka kwenye bomba la ofisi ya Stasi, wakaelewa kwamba faili zinachomwa. Asubuhi ya tarehe 4 Desemba kikundi cha wanawake kiliitisha watu. Magari makubwa yaliegeshwa mbele ya mageti yasitoke malori, wananchi wakaingia, na waendesha mashtaka wakaitwa kuziba milango ya vyumba vya kumbukumbu kwa lakiri. Kisha kamati ya wananchi ikaanza kulinda jengo kwa zamu. Jioni hiyohiyo ilikuwa zamu ya Leipzig, na miji mingine ikafuata.

Mbinu hii ilifaulu kwa sababu haikuvunja sheria zaidi ya ilivyolazimu. Wananchi walidai mwendesha mashtaka, muhuri na hati ya makabidhiano, na ofisa wa Stasi aliyezoea kutii karatasi akaitii.

Hata hivyo mengi yaliharibiwa. Mashine za kuchana karatasi zilikuwa chache na zilipata joto zikakwama, kwa hiyo maofisa walichana kwa mikono na kujaza magunia yapatayo 16,000. Tangu 1995 vipande hivyo vimekuwa vikiunganishwa, sehemu kubwa kwa mikono. Pigo kubwa zaidi lilitoka kwenye maridhiano yenyewe: Februari 1990 idara ya ujasusi wa nje, HVA, iliruhusiwa kujifunga yenyewe, ikateketeza karibu kumbukumbu zake zote. Hilo lilikuwa kosa zito, na watafiti wanaoshughulikia Afrika wanalilipia mpaka leo.

Nani alitawala kati ya Novemba 1989 na Machi 1990?

Hans Modrow wa SED alikuwa waziri mkuu tangu tarehe 13 Novemba. Kuanzia tarehe 7 Desemba serikali yake ilibanwa na Meza ya Duara, kikao cha chama, vyama vidogo vilivyokuwa chini yake na vikundi vya upinzani kama Neues Forum, kikiongozwa na wachungaji na mapadri. Mwanzoni meza hiyo ilikuwa ya kusimamia tu. Modrow alipojaribu kuunda idara mpya ya usalama kwa mlango wa nyuma, ikapata nguvu ya kumzuia, na mwezi Februari wapinzani 8 wakaingia serikalini kama mawaziri wasio na wizara. Rasimu ya katiba mpya iliyoandaliwa hapo haikuwahi kupitishwa.

Waliofanya mapinduzi walishinda uchaguzi?

La. Tarehe 18 Machi 1990, wapiga kura asilimia 93.4 wakiwa wamejitokeza, muungano ulioongozwa na CDU, chama cha Kikristo cha kihafidhina, ulipata takriban asilimia 48, CDU peke yake 40.8. SPD, chama cha demokrasia ya kijamii, ilipata 21.9, na PDS, ambalo ndilo jina jipya la SED, 16.4. Bündnis 90, waliokuwa na wale wapinzani waliofungwa na kupigwa miaka yote ile, walipata 2.9.

CDU ya Mashariki haikuwa ya upinzani hata kidogo. Ilikuwa moja ya vyama vinne vilivyoruhusiwa na SED kwa miaka 40. Lakini ilikuwa na ofisi, magari na magazeti, ilikuwa na Kansela Helmut Kohl upande wa Magharibi, na iliahidi kitu kimoja kinachoeleweka: fedha ya Magharibi haraka. Januari 1990 watu wapatao 2,000 walikuwa wakihama kila siku. Wapinzani walitaka kujadili namna ya kuijenga upya DDR wakati daktari wa mtaa ameshafunga kliniki na kuondoka.

Uchaguzi uliandaliwa kwa haraka; ulipangwa kwanza Mei, ukaletwa mapema hadi Machi. Waliotaka vyama vipya vipate muda wa kujijenga walipoteza hoja, na siku chache kabla ya kura Wolfgang Schnur, kiongozi wa moja ya vyama vipya, alijiuzulu baada ya kufichuka kwamba kwa miaka mingi alikuwa mtoa habari wa Stasi.

Fedha zilibadilishwaje, na kwa nini viwanda vilikufa baadaye?

Ubadilishaji ulifanyika tarehe 1 Julai 1990, kupitia akaunti za benki tu. Aliyekuwa na noti nyumbani alilazimika kuziweka benki kwanza. Mishahara, pensheni na kodi za nyumba zilibadilishwa marki moja ya Mashariki kwa moja ya Magharibi. Akiba zilikuwa na kikomo cha moja kwa moja:

- mtoto wa hadi umri wa miaka 14: marki 2,000
- mtu mzima: marki 4,000
- mwenye miaka 59 na zaidi: marki 6,000

Kilichozidi kilibadilishwa mbili kwa moja. Chukua baba na mama wa miaka 40 na mtoto mmoja wa miaka 10, wenye akiba ya marki 16,000 iliyogawanywa vizuri katika akaunti zao tatu. Marki 10,000 za kwanza zinabaki 10,000, zile 6,000 zinakuwa 3,000, jumla 13,000 za Magharibi. Familia ambayo fedha zote zilikuwa kwenye akaunti ya baba ilipata 4,000 na 6,000, yaani 10,000. Ndiyo maana wiki za mwisho za Juni zilijaa foleni za watu wakihamishia fedha kwa bibi na wajukuu.

Kwa wananchi mpango huu ulikuwa wa haki. Kwa viwanda ulikuwa sumu. Mwaka 1989 kiwanda cha DDR kilitumia marki 4.4 za Mashariki kupata marki moja ya Magharibi kwenye soko la nje. Kwa usiku mmoja gharama zake zikahesabiwa moja kwa moja, kama mtu aliyeongezewa bei ya bidhaa zake zaidi ya mara nne bila kuziboresha. Madeni ya viwanda, ambayo chini ya mipango ya serikali yalikuwa hesabu za vitabuni, yakageuka madeni halisi ya benki, japo kwa nusu ya thamani. Wateja wa nyumbani wakakimbilia bidhaa za Magharibi. Na kuanzia Januari 1991 biashara na Muungano wa Kisovieti ikaanza kulipwa kwa fedha za kigeni, ambazo mteja huyo hakuwa nazo. Kufikia katikati ya 1991 uzalishaji wa viwandani ulibaki takriban thuluthi moja ya ule wa 1989.

Je, kulikuwa na njia nyingine? Benki Kuu ya Ujerumani Magharibi ilipendekeza mbili kwa moja hata kwa mishahara. Mtu aliyekuwa akilipwa marki 1,200 angeanza na 600, karibu na jirani anayelipwa maelfu, huku mpaka ukiwa wazi. Angehama. Kisiasa moja kwa moja ilikuwa haikwepeki. Kosa lilikuwa kuwaambia watu kwamba hatua hiyo haitakuwa na gharama.

Treuhand ilikuwa nini?

Treuhandanstalt ilikuwa taasisi ya serikali iliyokabidhiwa viwanda na mashirika yote ya umma, takriban 8,500, yenye wafanyakazi wapatao milioni 4, ili iyauze, iyafufue au iyafunge. Mkuu wake Detlev Rohwedder alikadiria mwaka 1990 kwamba mali hiyo ina thamani ya marki bilioni 600. Aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Düsseldorf tarehe 1 Aprili 1991, na Birgit Breuel akachukua nafasi. Taasisi ilipofungwa mwisho wa 1994 ilikuwa na hasara ya marki bilioni 256.

Kasi ndiyo iliyoumiza. Maelfu ya mashirika yalitiwa sokoni kwa wakati mmoja, na kila mnunuzi alijua kwamba muuzaji ana haraka. Wananchi wa Mashariki hawakuwa na mtaji wala dhamana ya benki, kwa hiyo zaidi walipata maduka, mikahawa na maduka ya dawa. Viwanda vikubwa vilikwenda Magharibi. Wengine walinunua ili kumwondoa mshindani. Mgodi wa potashi wa Bischofferode ulifungwa mwisho wa 1993 baada ya wachimbaji kugoma kula, nao wakiamini mpaka leo kwamba ulikuwa na uwezo wa kuendelea. Deni la mazingira, mabomba yaliyooza na mashine za kabla ya vita vilikuwa kweli, na viwanda vingi visingepona kwa vyovyote. Lakini mji uliopoteza ajira elfu kadhaa katika miezi 18, kwa uamuzi uliotoka kwa watu wasioujua, haukusahau.

Viongozi waliadhibiwa?

Wachache. Kesi ya Honecker ilisimamishwa Januari 1993 kwa sababu ya saratani ya ini. Akaenda Chile, akafariki Mei 1994. Erich Mielke, waziri wa Stasi, alihukumiwa miaka 6, lakini kwa kuwaua polisi wawili mwaka 1931, si kwa kazi yake ya baadaye. Krenz alihukumiwa miaka 6 na nusu mwaka 1997 kwa vifo vya mpakani, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaunga mkono hukumu hiyo mwaka 2001. Askari waliofyatua risasi wengi walipata vifungo vya nje. Angalau watu 140 walipoteza maisha kwenye Ukuta wa Berlin pekee.

Kufanya kazi Stasi hakukuwa kosa la jinai, na mkataba wa muungano ulitaka wahukumiwe kwa sheria ya DDR yenyewe. Adhabu iliyowagusa wengi ilikuwa ya ajira: walimu, polisi na mahakimu walichunguzwa, na waliobainika kuwa mashushushu wengi walifukuzwa.

Waafrika waliokuwa wakifanya kazi au kusoma huko walipatwa na nini?

Kundi kubwa lilikuwa la Wamsumbiji, waliokwenda kwa mkataba wa Februari 1979 kati ya serikali mbili. Mwaka 1989 walikuwepo takriban 15,000. Waliishi kwenye mabweni ya viwanda, na kwa muda mrefu mwanamke aliyepata mimba alilazimishwa kuchagua kati ya kutoa mimba na kurudishwa kwao. Sehemu ya mshahara ilikatwa, mwanzoni asilimia 25 na baadaye hadi asilimia 60 ya kile kilichozidi marki 350, kwa ahadi kwamba watalipwa wakirudi nyumbani. Fedha hizo kwa kweli zilihesabiwa kama malipo ya deni la Msumbiji kwa DDR. Mwaka 1990 viwanda vilipoanza kupunguza watu, wao ndio walioondolewa kwanza, wengi kwa fidia ya marki 3,000 na tiketi ya ndege. Madgermanes, kama wanavyoitwa Maputo, wameendelea kuandamana kudai haki yao kwa zaidi ya miaka 30. Dai lao ni halali, na serikali zote mbili zimelikwepa.

Waliobaki walikutana na chuki ya waziwazi. Amadeu Antonio, mfanyakazi kutoka Angola, alipigwa na kundi la vijana Eberswalde Novemba 1990, akafa Desemba. Septemba 1991 bweni la wafanyakazi wa kigeni Hoyerswerda lilishambuliwa kwa siku kadhaa, na mamlaka zikawaondoa walioshambuliwa kwa mabasi badala ya kuwalinda.

Afrika Mashariki ilihusika vipi?

Zanzibar iliitambua DDR mapema 1964, mara baada ya Mapinduzi, ikiwa serikali ya kwanza nje ya kambi ya kikomunisti kufanya hivyo. Majengo ya ghorofa ya Kikwajuni na mpango wa Michenzani ni matunda ya uhusiano huo. Baada ya Muungano, Ujerumani Magharibi ilibana: haikutaka DDR iwe na ubalozi Tanzania. Mwaka 1965 DDR iliruhusiwa konseli kuu Dar es Salaam, Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ikaondoa msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu Nyerere akaiambia ichukue na misaada yake mingine yote.

Mwaka 1990 upepo ulivuma upande wa pili. Februari, akiwa bado mwenyekiti wa CCM, Nyerere alisema Tanzania ina la kujifunza kutokana na Ulaya Mashariki. Tume ya Jaji Nyalali ilifuata mwaka 1991, na vyama vingi vikaruhusiwa tarehe 1 Julai 1992. Kenya ilikuwa imefuta kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, Desemba 1991. Kule Zaire, Mobutu, rafiki wa Ceaușescu, alitangaza mwisho wa chama kimoja tarehe 24 Aprili 1990, miezi minne tu tangu rafiki yake apigwe risasi. Lakini madai ya vyama vingi yalikuwa na mizizi ya nyumbani. Berlin iliyaharakisha tu.

SED kilipotelea wapi, na kwa nini AfD ina nguvu Mashariki?

SED hakikupigwa marufuku. Kilimchagua Gregor Gysi kuwa mwenyekiti Desemba 1989, kikawa PDS mwaka 1990, na baada ya kuungana na wenzao wa Magharibi mwaka 2007 kikawa Die Linke. Kwa miaka mingi kilikuwa ndicho chama cha kura za hasira za Mashariki. Sasa hasira hizo zimehamia AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, iliyoongoza katika majimbo yote matano ya mashariki kwenye uchaguzi wa Februari 2025. Kudhani ni mabaki ya tabia za kikomunisti ni uvivu. Wapiga kura wengi wa AfD walikuwa watoto mwaka 1990 au hawajazaliwa. Walichoshuhudia ni wazazi wasio na kazi, shule zilizofungwa na vijana, hasa wasichana, waliohama.

Nawezaje kuomba faili langu la Stasi?

Tangu Januari 1992 kila mtu ana haki ya kusoma aliyoandikiwa, hata asiye raia wa Ujerumani. Mwanafunzi kutoka Unguja aliyesoma Leipzig miaka ya 1970 anayo haki hiyo. Kumbukumbu, kilomita 111 za rafu, ziko chini ya Bundesarchiv tangu Juni 2021. Kusoma faili lako ni bure. Nakala hulipiwa kidogo.

1. Jaza fomu ya maombi inayopatikana kwenye tovuti ya Bundesarchiv, sehemu ya kumbukumbu za Stasi.
2. Thibitisha utambulisho. Aliyeko nje ya Ujerumani huthibitishiwa na ubalozi au konseli ya Ujerumani. Hapa ndipo maombi mengi hukwama: nakala ya paspoti isiyothibitishwa haitoshi.
3. Andika majina yote uliyowahi kutumia, kama yalivyoandikwa kwenye paspoti ya wakati ule, tarehe ya kuzaliwa, anwani zote za DDR, chuo au kiwanda, na miaka. Majina ya Kiislamu na ya Kibantu yaliandikwa kwa tahajia za kila aina. Orodhesha zote unazozikumbuka.
4. Subiri. Huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Wazee na wagonjwa wanaweza kuomba watangulizwe.
5. Majina ya watu wengine walioathirika yatafutwa kwa wino mweusi. Majina ya mashushushu yatakuwa ya bandia. Ukitaka kuyajua ya kweli, peleka ombi la pili. Hutatajiwa jina endapo ushahidi wa kumtambua mtu hautoshi.

Kwa marehemu, mume, mke, mtoto au ndugu wa karibu anaweza kuomba, ila aeleze sababu na aambatanishe cheti cha kifo na cha uhusiano. Jibu la kwamba hakuna faili lina maana mbili: hukufuatiliwa, au faili lako liliharibiwa, hasa kama lilikuwa la HVA. Ombi linaweza kurudiwa baada ya miaka michache, kwa kuwa magunia bado yanaunganishwa.